Binti yangu anataka kuacha shule awe kama Alexandra Popp. Nisaini?

Mama Zuu wa Bochum
Salaam wanajukwaa. Mimi mzaliwa wa Tanga, naishi Bochum, Ujerumani. Binti yangu anamaliza darasa la kumi mwaka huu. Ni fowadi, amekulia timu ya wavulana ya mtaani kwetu, na sasa kuna timu ya mbali inamtaka kwenye kikosi chake cha wasichana. Atakaa bweni. Wanasubiri saini yangu.

Bweni halinitishi, mimi mwenyewe nimesoma bweni. Shida ni kwamba akishakwenda huko hataki tena kusikia habari ya shule. Nikifungua mdomo tu ananitajia Alexandra Popp, yule mshambuliaji wa Ujerumani: "Mama, Popp kazaliwa Witten, hapo jirani tu, na ona alipofika!" Kaka yangu naye kapiga simu toka Tanga, eti mtoto wa kike na mpira wapi na wapi. Hilo tumeshalimaliza kifamilia, msinifungulie. Nauliza la shule tu. Mnaoujua mpira wa wanawake wa huku, nifanyeje?

Fundi Viatu
Dada, mtoto kakuletea mfano mzuri, ila kausoma nusu. Popp kazaliwa Witten 1991, kaanza na wavulana pale Silschede, kisha akaingia Berger Feld kule Gelsenkirchen. Hiyo ni shule, dada! Ndiko walikopita Manuel Neuer na Mesut Özil. Mpira wa pale ulikuwa wa wavulana, yeye akaingia kwa kibali maalumu. Alikuwa anafunga magoli na daftari analo.

2008 akaenda Duisburg, mwaka uliofuata wakabeba kombe la Ulaya. 2010 kombe la dunia la chini ya miaka 20 lilichezwa hapahapa Ujerumani: magoli 10, mfungaji bora na mchezaji bora. Baada ya hapo wengi wangesema shule ya nini. Yeye alipohamia Wolfsburg, timu iliyochukua Ligi ya Mabingwa 2013 na 2014, akafanya Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya kutunza wanyama katika bustani ya wanyama ya Essehof. Ana cheti. Muulize Zuu kama hilo analijua.

Mpemba Halisi
Yaani mtu ana medali za Ulaya, asubuhi anasafisha mabanda? Hapo nimechoka 😂

Kipa Mstaafu
Mpemba, usicheke, ndivyo wengi walivyoishi. Wanawake wa Ujerumani walipobeba ubingwa wa Ulaya 1989, chama chao kiliwazawadia seti ya vyombo vya kahawa. Siku hizi wa juu kabisa wanalipwa vizuri, lakini ukishuka ngazi mbili tatu utakuta mtu anatoka mazoezini anakimbilia zamu ya kazi.

Mama Zuu, mimi naogopa goti kuliko mshahara. Huyo Popp mwenyewe alikosa Euro 2013 na 2017 kwa majeraha. 2021 gegedu la goti likamweka nje karibu mwaka. Akarudi Euro 2022, akaanza mashindano benchi, akafunga kila mechi mpaka nusu fainali, magoli sita. Siku ya fainali Wembley, wanapasha misuli moto, msuli ukakataa. Akaitazama fainali akiwa pembeni, Uingereza wakashinda 2-1 muda wa nyongeza. Na huyo ndiye mwenye bahati, maana alicheza timu ya taifa mpaka 2024.

Nadine Keßler, nahodha wake pale Wolfsburg, mchezaji bora wa dunia wa 2014, goti lilimstaafisha 2016 akiwa na miaka 28. Leo yuko UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, anaongoza soka la wanawake. Kazi ile hupewi kwa sababu ya mashuti. Lena Oberdorf naye ni wa hukohuko kwenu, Gevelsberg: Julai 2024 alikuwa ndiyo anahamia Bayern, kano ya goti ikakatika, Olimpiki akaisikia kwa jirani.

Waulize hao jamaa: mtoto akiumia miezi tisa, kitanda cha bweni kinabaki chake? Matibabu na mazoezi ya kurudi uwanjani ni juu ya nani?

Kiungo Punda
Mnamtisha mama wa watu. Popp alifika Duisburg ana miaka 17. Nafasi ya umri huu haisubiri mtu amalize kila kitu kwanza. Msimu wa 2025/26 ligi kuu ya wanawake huku imetoka timu 12 kwenda 14, nafasi zimeongezeka. Ukimfungia ndani atakununia mpaka uzeeni. Saini, weka masharti.

Wakili wa Mtaa
Masharti mengine yamewekwa na serikali. Hapa jimboni kwetu, NRW, darasa la kumi likiisha, bado kuna wajibu wa shule ya ufundi mpaka mwisho wa mwaka wa masomo anaotimiza 18. "Naacha shule" haipo. Anachagua tu: aendelee kuelekea Abitur, mtihani wa kuingilia chuo kikuu, au aingie Ausbildung. Kama timu iko jimbo jingine, ulizia sheria ya huko.

Mama Zuu wa Bochum
Ahsanteni sana. Nimemsomea habari ya Essehof, kanikatalia, kaenda kutafuta kwenye simu, karudi kimya. Baadaye kaja jikoni kuniuliza Ausbildung ya tiba ya viungo inachukua muda gani.

Timu nimewapigia. Shule wanayo wanayoshirikiana nayo, mwalimu atanipigia Jumatatu. Lile la kitanda nilipouliza, yule bwana kacheka, kasema tusianze na mabaya.

Kipa Mstaafu
Mwambie wewe unaanzia hapohapo. Na akujibu kwa barua, si kwa simu.