Naomba ushauri: Dell OptiPlex 780 za steshenari, nipige mfumo gani?

MamaKopi_Moro:
Wakuu, habari zenu. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, kompyuta mbili za mtumba, zote OptiPlex 780. Prosesa Core 2 Duo E8400, RAM 2GB, diski zile za kuzunguka. Kazi ni kuchapa, kutoa kopi, kujaza fomu za mikopo ya chuo na maombi ya ajira.

Moja ina Windows 7, na brauza yake siku hizi inakataa kurasa nyingi. Ya pili ina Windows 10: naiwasha asubuhi, na mpaka Word ifunguke mteja ameshakaa, amesimama, ameaga. Taa ya diski haizimi kabisa. Fundi mmoja akaniambia ataweka Windows 11 kwa kuruka vizuizi vyake. Mashine ikawa inajizima na kujiwasha bila kufika popote, akarudisha Windows 10. Hela nililipa.

Kununua nyingine sina uwezo, na fomu za mikopo ndizo zinazonilipia pango. Nifanyeje?

Fundi_Msamvu:
Dada pole sana. Kuruka sharti la TPM (chipu ya usalama) kunawezekana, ila Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 inadai prosesa yenye amri inayoitwa POPCNT, na Core 2 Duo haina. Hicho si kizuizi cha programu, ni chuma chenyewe. Usimlipe mtu tena kwa jaribio hilo.

Kabla ya kuwaza mfumo, toa hizo diski. Hiyo taa isiyozima ndiyo ugonjwa wako: RAM imejaa, Windows inahamishia mzigo kwenye diski, na diski ya kuzunguka haiwezi kukimbia hivyo. Weka SSD, yaani diski isiyozunguka, hata ya 120GB. SATA ya 780, njia inayounganisha diski, ni ya zamani, haitafika kasi yote ya SSD, lakini tofauti utaiona siku hiyohiyo. Ongeza RAM ifike 4GB, aina ya DDR3 ya deskitopu, usije ukauziwa ya laptopu. Halafu piga Linux Mint Xfce, mfumo wa bure na mwepesi badala ya Windows.

Kijana_Mafiga:
Mimi Linux kwenye steshenari nakataa. Watu wanaleta kadi za harusi zilizotengenezwa kwa Publisher ya Microsoft, ukifungua kwa LibreOffice, programu za ofisi za Linux, maandishi yanahama. Mteja haelewi habari za mfumo, anataka kadi yake.

Mwl_TEHAMA:
Kijana ana hoja kwenye Publisher. Kwenye Word hali ni nafuu: Mint ikikosa fonti ya Calibri inaweza kutumia Carlito, yenye upana uleule wa herufi, kwa hiyo barua za kawaida hazivurugiki sana. Majedwali ndiyo ya kuangalia. CV ya mtu ikaguliwe kabla ya kuchapwa.

Ushauri wangu, mashine moja ibaki na Windows 10 kwa ajili ya Publisher, ila usiiunganishe na intaneti, kwa sababu matengenezo ya kawaida ya Windows 10 yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ile ya Windows 7 iwe Mint, ndiyo ya fomu. Watu wanaingiza namba za NIDA na nywila zao pale, wanastahili brauza inayopata matengenezo. Na vile virusi vya flashi vinavyogeuza mafolda kuwa shotikati havitafanya kazi kwenye Mint.

Usifute kitu kwanza. Andika Mint kwenye flashi kwa programu ya Rufus, washa mashine huku unabonyeza F12, chagua flashi. Itafunguka bila kugusa diski. Itakuwa nzito kwa hiyo 2GB, vumilia. Printa ni ipi?

MamaKopi_Moro:
HP LaserJet P1102, Mwalimu.

Mwl_TEHAMA:
Hiyo inakubali, ila HPLIP, programu ya printa za HP kwenye Linux, itadai kipande cha ziada kutoka mtandaoni. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, endesha amri ya hp-setup kama kompyuta haijaiona printa.

MamaKopi_Moro:
Wakuu, nimerudi. Jana usiku baada ya kufunga nimewasha kwa flashi, kama dakika tano hivi ikafunguka. Printa iligoma mara ya kwanza, nilipoendesha hp-setup ikatoa ukurasa, barua ya mteja yenye jedwali, mistari yote mahali pake. Tovuti ya fomu nayo imefunguka. Jumamosi nanunua SSD moja na RAM, naanza na ile ya Windows 7. Mafaili ya wateja nimeshayahamishia kwenye diski ya nje. Asanteni sana.

Fundi_Msamvu:
Ukienda dukani chukua na RAM ya zamani mkononi, mlinganishe mkato wa meno.