Naomba ushauri: nigawe vipi diski ya GB 256 ninaposakinisha Debian?

Mwalimu wa Fizikia: Wakuu, habari za jioni. Nina kompyuta mpakato yenye SSD ya GB 256 na RAM ya GB 8, nami nataka kuiwekea Debian (mfumo endeshi wa familia ya Linux) peke yake. Nimefika hatua ya kugawa diski, na kisakinishi kinanipa njia kadhaa, zikiwemo hizi tatu: mafaili yote katika patisheni (sehemu ya diski) moja, /home (folda ya mafaili yangu) iwe na patisheni yake, au /home, /var (data ya mfumo inayobadilika-badilika) na /tmp (mafaili ya muda) kila moja ijitegemee. Ya kwanza imependekezwa kwa wageni. Mwaka jana nilisakinisha upya mfumo ulioharibika nikapoteza mitihani na maandalio ya masomo ya miaka minne, na sitaki yanikute tena. Nichague ipi?

Fundi Diski: Pole sana, mwalimu. Chagua ya pili, lakini ujue kwamba faida yake hutaipata siku ya kusakinisha upya usipokuwa makini, kwa sababu ukichagua tena njia ya kuongozwa na kutumia diski nzima, /home itafutwa pamoja na vingine vyote. Siku hiyo gawa kwa mkono, ifungue patisheni ya zamani, itaje kuwa ni /home, kisha usome mstari wa kufomati na kuhakikisha unasema data iliyopo itabaki. Mimi huusoma mara mbili kabla ya kuthibitisha.

Mama Seva: Ya tatu iache kabisa. Niliwahi kuichagua kwenye mashine yangu ya kazi, nikaona nimejipanga vizuri, hadi /var ilipojaa: vifurushi vinavyopakuliwa na apt (programu ya Debian ya kusakinisha na kusasisha) hukaa /var/cache/apt/archives, na programu za Flatpak (njia nyingine ya kusakinisha programu) hukaa /var/lib/flatpak. Masasisho yalikatika katikati huku /home ikiwa na zaidi ya GB 100 tupu ambazo sikuweza kuziazima, kwa kuwa ext4 (mfumo wa kupanga mafaili ndani ya patisheni) hupanuliwa hata ikiwa inatumika, ila kuipunguza ni lazima kwanza uishushe, yaani uiondoe kwenye matumizi. Kwenye seva ina maana yake, maana logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo) zikifurika haziizibi patisheni ya mfumo.

Mzee wa Nakala: Naona hofu ya mwalimu haijajibiwa. Patisheni mbili bado ziko juu ya SSD moja. Ikifa, zinakufa pamoja, na ikiibwa, zimeibwa pamoja. Mimi ningeweka patisheni moja tu, nisiumize kichwa kukadiria ukubwa, kisha ninunue diski ya nje na kunakili mitihani kila Ijumaa.

Mwalimu wa Fizikia: Nimekuelewa, mzee wangu, na diski ya nje nitainunua kabla ya kusakinisha. Hata hivyo /home nitaitenga. Je, patisheni ya mfumo niipe kiasi gani?

Fundi Diski: Ipe GB 60, kwani /var itakuwa ndani yake. Swapu (nafasi ya diski inayoisaidia RAM) iwe GB 8 au zaidi kidogo ikiwa utataka kompyuta ilale kwa kuhifadhi kazi kwenye diski, na patisheni ndogo ya EFI (ya kuwashia mfumo) usiiguse. Inayobaki, kama GB 185, ni ya /home. Kwa kawaida ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root (msimamizi wa mfumo), yaani kama GB 9 ambazo /home haizihitaji. Ukimaliza, zirudishe kwa amri ya tune2fs -m 0 ukitaja patisheni ya /home, si ya mfumo.