Brown au Columbia kwa mtu asiyetaka kufungwa na fani moja?

Binti_Nyota
Habari zenu wakuu. Nimepata nafasi mbili za chuo kikuu Marekani, Brown kule Providence na Columbia College ya New York, na jibu linatakiwa ifikapo 1 Mei. Misaada ya ada imekaribiana, kwa hiyo fedha haitaamua. Napenda biolojia, napenda historia, na mwaka jana nilianza kujifundisha kuandika programu za kompyuta, nimenogewa. Nimetoka kwenye mfumo unaokukabidhi masomo matatu ukiwa na miaka 17, kisha mlango unafungwa. Sitaki kurudi huko. Brown wana Open Curriculum, yaani unajichagulia kozi mwenyewe, Columbia wana Core, yaani kozi za lazima kwa kila mwanafunzi, na kila ninayemuuliza anajibu "Brown" kabla sijamaliza swali. Ni rahisi hivyo kweli?

Kalamu_ya_Risasi
Hongera sana mdogo wangu. Mimi nimesoma Brown. Ili uhitimu unafaulu kozi 30, unatimiza masharti ya fani yako na unaonyesha kuwa unajua kuandika. Basi. Hakuna hisabati ya lazima, hakuna lugha ya lazima. Utaratibu huu ulipitishwa mwaka 1969, na chimbuko lake ni wanafunzi wenyewe: Ira Magaziner, Elliot Maxwell na wenzao waliandika ripoti ndefu, wakaisukuma mpaka walimu wakakubali.

Kilichonifungua macho ni alama. Kozi unaweza kuichukua kwa S/NC, yaani umefaulu au hukupata kitu, na ukifeli haionekani kwenye hati inayotumwa nje. Mimi nilikwenda kusoma uchumi. Muhula wa tatu nikaingia darasa la jiolojia kwa njia hiyo. Mwalimu akatupitishia jiwe mkono kwa mkono, jeusi, zito kuliko lilivyoonekana, akauliza limezaliwa wapi. Ningekuwa nahesabu alama nisingefumbua mdomo. Nilijibu, nikakosea, akanirudishia lile jiwe niliangalie tena. Nilihitimu jiolojia.

Dada_wa_Maabara
Mdogo wangu, niruhusu nipingane na kaka hapo juu, kwa heshima. Umefunga vitu viwili kwa kamba moja: uhuru wa kuchagua, na nafasi ya kukutana na usichokijua. Mtu hachagui asichojua kama kipo.

Core ilianza mwaka 1919 na kozi ya Contemporary Civilization, inayohusu fikra za siasa na jamii, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ile ya fasihi ikafuata 1937. Mwaka wa kwanza mzima unasoma fasihi kuanzia Ugiriki ya kale, mara mbili kwa wiki, karibu saa mbili kila kipindi, watu kama 22 mmeizunguka meza. Darasani kwetu kulikuwa na kijana wa fizikia na mwingine mpiga mieleka. Siku moja tulimaliza kipindi kizima kwenye nusu ukurasa tu, tukabishana kama baba anayeomba maiti ya mwanawe kwa aliyemuua amejishusha au amepanda. Na kwa kuwa wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza mnasoma kitu kimoja, ubishi uliendelea bwaloni na watu ambao hata majina yao sikuyajua. Mimi ni mtu wa kemia. Kwa hiari yangu nisingeingia pale, na hicho ndicho kipindi ninachokikumbuka mpaka leo.

Hesabu_Kwanza
Tushike karatasi. Core ya Columbia: fasihi 2, Contemporary Civilization 2, sanaa 1, muziki 1, uandishi 1, sayansi 3, Global Core (kozi za tamaduni mbalimbali za dunia) 2. Jumla 12. Lugha ya kigeni ukiianza sifuri inaweza kuongeza hadi 4, ila ukiwa unaijua tayari, mtihani unaweza kukuondolea. Lakini wewe unapenda biolojia, na kozi zake zinaweza kuhesabiwa kwenye zile za sayansi. Kozi kadhaa za historia nazo zimo kwenye orodha ya Global Core. Kwako gharama halisi ni ndogo kuliko watu wanavyokutisha.

Brown nako, uhuru unategemea fani. Historia inakula kama kozi 10, uhandisi unazidi 20. Na kama una wazo la udaktari, vyuo vingi vya udaktari vya Marekani vitakudai kemia, biolojia na fizikia popote ulipo.

Mwana_Maswali
Nilisoma chuo kingine cha mtaala huria, sitakitaja. Hakuna aliyenizuia kitu, na miaka minne nimekaa kwenye siasa na uchumi tu kwa woga wa kuonekana mjinga kwingine. Mshauri wangu alikuwa anasaini bila kuinua macho. Nakuomba ufanye hivi: fungua orodha za kozi za vyuo vyote viwili, upange kozi nane za mwaka wa kwanza kila upande. Uziandike kwa mkono.

Binti_Nyota
Asanteni sana, nimekesha na hizo orodha. Kwa Brown nimejaza biolojia tatu, kompyuta tatu, historia mbili, na nilikuwa huru kuweka chochote. Nimeitazama ile karatasi muda mrefu. Hakuna hata moja ambayo isingenijia kichwani leo jioni. Kaka Kalamu, wewe ulishika jiwe. Mimi najiogopa nisingeingia lile darasa.

Dada, swali moja: mwaka wa kwanza Columbia, Core inaniachia nafasi ngapi?

Dada_wa_Maabara
Kila muhula Core inachukua mbili: fasihi, pamoja na uandishi muhula mmoja na sayansi muhula mwingine. Zinabaki mbili, au tatu ukijikaza. Weka biolojia na kompyuta. Historia iache mpaka mwaka wa pili.

Kalamu_ya_Risasi
Mbili zinatosha kuanzia, mdogo wangu. Moja iwe ile unayoiogopa.