Tumetolewa na Grimsby, na kocha anasogeza sumaku kwenye ubao!!!

Mbagala_Nyekundu

Wakuu, leo Agosti 28, 2025, saa hizi ni saa saba usiku na usingizi umegoma. Sitamtaja jina. Mnamjua. Kocha wetu, yule wa ubao wa mbinu.

Nimetoka kibandani kutazama mpira sasa hivi. Manchester United, mabingwa mara 20 wa Uingereza, tumetolewa Kombe la Carabao na Grimsby Town. GRIMSBY! Timu ya daraja la nne! Mji wa wavuvi, mashabiki wao wanakuja uwanjani na samaki wa plastiki waliojazwa upepo. Dakika tisini nzima yale masamaki yananipungia mkia kwenye skrini, na jirani yangu kwenye benchi ni muuza perege, kila wakionyeshwa ananigusa bega: "Kaka, hao leo nakuuzia bei gani?"

Sasa sikilizeni. Kufungwa nimezoea. Msimu uliopita tumemaliza nafasi ya 15 na pointi 42, nikanyamaza. Bilbao tukapigwa 1-0 kwenye fainali ya Europa na Tottenham, timu iliyomaliza ya 17, nikanyamaza. Januari mtu huyohuyo anasema kwa mdomo wake kwamba hii huenda ndiyo timu mbovu kuliko zote katika historia ya klabu. Nikanyamaza!

Lakini UBAO, wakuu. Tuko nyuma, mvua inamwagika, watu wanasubiri kocha asimame awafokee vijana. Kamera inamgeukia. Kainama, kapakata kiubao kama sinia la mchele, anachambua vidude. Anatoa kimoja huku, anakipeleka kule. Anakifikiria. Anakirudisha! Kibanda kizima kikalipuka. Mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Kula mbili hiyo, uingie kingi!" Yaani watu wanamwelekeza drafti! Kocha wetu!

Maguire akasawazisha dakika ya 89, 2-2, nikaruka mpaka nikagonga bati. Zikaja penalti. Kipa wetu Onana akadaka ya yule Mkenya wa Grimsby, Clarke Oduor. Cunha alibakiwa na moja tu afunge tushinde tuondoke zetu, akakosa. Sesko, mshambuliaji tuliyemnunua kwa mamilioni ya paundi, eti anapiga ya kumi! Mabeki wamemtangulia! Nani alipanga hiyo foleni? Ubao!

Na penalti zikiendelea yeye yuko wapi? Kajikunyata kwenye benchi, haangalii. Mimi niliyetoa buku yangu, elfu moja nzima, nimeziangalia zote 26, mpaka ile ya Mbeumo iliyogonga mwamba, 12-11. Yeye anayelipwa HAANGALII.

Narudia: alikirudisha kile kidude palepale kilipokuwa.

Nawasilisha.

Kisiki_cha_Mpingo

Siti ya mbele. Muuza karanga pita huku.

DadaMpole

Pole mkuu. Agosti 17 sisi Arsenal tuliwafunga 1-0 hapohapo kwenu Old Trafford mkasema mmecheza vizuri. Grimsby nao mmecheza vizuri?

Mbagala_Nyekundu

Arsenal, mpaka sasa 2025, ubingwa wenu wa mwisho ni 2004. Misimu mitatu mfululizo mmeshika nafasi ya pili. Huu uzi hauwahusu, unahusu ubao.

DadaMpole

Nafasi ya pili na ya 15 zina ndugu wangapi katikati? Hesabu kwa sumaku.

FundiBomba

Mleta uzi analia kama kafiwa. Mimi nimelala saa tatu, nimeamka na furaha zangu.

Mwanachama_Hai

Wenzetu mnaumizwa na timu ya ng'ambo. Sisi Simba Mei 25 tulikuwa Amaan, fainali ya Shirikisho Afrika, Berkane wa Morocco walioshinda kwao wakatoa 1-1 na kombe wakaondoka nalo tukiliona hivi. Nililipa boti kwenda na kurudi. Mpaka leo nikisikia honi ya boti tumbo linakata.

Jangwani1935

Simba makolo mnatafuta huruma mpaka kwenye uzi wa Wazungu. Sisi Yanga 2023 tulipoteza fainali hiyohiyo kwa bao la ugenini, na Algiers tulishinda! Nani alilia?

Mwanachama_Hai

Mlilia. Mtaani kwetu utopolo mmoja wa Yanga hakufungua duka siku mbili.

Jangwani1935

Na Novemba 5, 2023 alifungua? Ile 5-1 tuliyowapiga?

Mbagala_Nyekundu

Jamani Simba na Yanga wana uzi wao! Tunamzungumzia mtu anayeogopa kuangalia penalti!

Shemeji_wa_Tandika

Mkuu una bahati ulimwona. Kwetu mwenye kibanda ilipofika 2-0 akabadilisha chaneli, akaweka tamthilia ya Kituruki. Nadai hela yangu ananiambia "mpira si umeisha?" Nimekuja kujua humu kwamba tulisawazisha.

Kisiki_cha_Mpingo

Huyo ashtakiwe serikali ya mtaa. Ulilipa ngapi?

Shemeji_wa_Tandika

Jero, mia tano.

FundiBomba

Jero? Na mleta uzi kasema buku. Mbagala mnaibiwa mchana kweupe.

Mbagala_Nyekundu

Ni buku kwa sababu kuna feni. WAKUU, UBAO.

Shemeji_wa_Tandika

Sisi feni tunayo, ila inaelekea kwa mwenye kibanda.

DadaMpole

Huku Sinza buku mbili na bado unakalishwa kwenye kreti la soda.

Jangwani1935

Dada, Sinza sehemu gani? Kuna kimoja karibu na kituo cha daladala, jamaa anatoza buku na chai juu.

DadaMpole

Chai ya maziwa au ya rangi?