Mrejesho: Sansevieria yangu fupi yenye ukingo wa njano

Wakuu, mwaka jana niliwauliza kuhusu sansevieria yangu (ule mmea wa mapambo wenye majani magumu yaliyosimama) hapa Ujiji. Kwenye chungu cha Laurentii, ile ndefu yenye ukingo wa njano, kiliota kitoto kifupi, majani yamebanana kama waridi, njano pana kuliko ya mama yake. Nilitaka kujua nikizalisheje.

Mlionikataza kupanda vipande vya jani mlikuwa sahihi. Nilijaribu majani mawili. Yalitoa mizizi vizuri, kisha watoto wakatoka kijani kitupu! Niliumia sana, maana mmea wenyewe ulikuwa na majani saba tu. Sasa naelewa: njano ile imo kwenye tabaka fulani tu za seli, na chipukizi la jani huanzia seli za ndani zilizo kijani.

Nikageukia kugawa tunguu, yaani shina nene la chini ya udongo. Kisu nilikipitisha motoni, kidonda nikakiacha kikauke siku tatu, nikapanda kwenye mchanga wenye mboji kidogo. Nina miche minne. Mitatu imebaki mifupi na njano yake. Mmoja unarefuka, nimeutenga.

Hahnii, aina fupi ya sansevieria inayojulikana sana, ilianza hivihivi, badiliko la ghafla kwenye Laurentii, New Orleans, Marekani, 1939. Kwa hiyo sijakata tamaa, ila sijauza hata mche mmoja. Ili upewe haki ya aina yako, Sheria ya Tanzania ya 2012 ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea inataka aina iwe mpya, ya kipekee, miche yake ifanane yote, na isibadilike inapozalishwa. Nitaigawa mara mbili zaidi kwanza, nione kama itabaki vilevile. Shangazi ameshaomba mche, nimemsihi asubiri.