Wakuu, samoni wanaruka mbele yangu lakini hawagusi. Nifanyeje?

Mgeni wa Mto
Habari za muda huu wakuu. Niko Marekani, jimbo la Washington, na msimu huu nimeamua kuvua samoni. Boti sina, navulia ukingoni. Mto umejaa pinki, wale samoni wenye nundu, wanaruka mpaka maji yananirukia usoni, na mimi sipati kitu. Fimbo mpya, rili mpya, mshipi mpya. Wenzangu pembeni wanatoa, mimi nahesabu mawe. Jumamosi wakwe wanakuja, na mke wangu ameshawatangazia kwamba watakula samoni niliyemvua mwenyewe. Naombeni ushauri wa haraka: nibadilishe sehemu, nibadilishe muda, au mshipi wangu ni mnene mno? Kama huna cha kuchangia, pita kimya kimya.

Pita Kimya
Nimepita. Samoni namjua wa kopo tu.

Baba Tunu
Tatizo lako wakwe, siyo samaki. Nunua mzima dukani, mpake tope kidogo, ingia naye mlangoni unahema.

Fundi Boya
Usikimbilie katikati ya mto. Samoni anayepanda anabana nguvu zake, kwa hiyo anafuata pale maji ya kasi yanapopakana na maji ya polepole, na mara nyingi hapo ni hatua chache tu kutoka ulipo. Watu wanaingia majini hadi magotini wanatupa mbali, kumbe wamesimama juu ya njia yake. Alfajiri ni bora. Mvua ikinyesha, subiri mto uanze kushuka na kusafika. Kama uko karibu na bahari, fuata maji kujaa, kundi jipya huingia nayo. Na hao wanaoruka waache waruke, wavue waliotulia chini.
Ila hujasema unatumia chambo gani.

Binti Kilindini
Mshukuruni Mungu huko kwenu. Huku Scotland serikali haidai leseni ya fimbo, lakini mto una mwenyewe, na bila kibali chake usiguse maji. Halafu kabla ya tarehe 1 Aprili ukimpata samoni lazima umrudishe. Halafu Jumapili kumvua ni marufuku kisheria! Shemeji yangu alikuja kututembelea, akatoka kanisani moja kwa moja na fimbo begani. Mlinzi wa mto akamsalimia kwa adabu zote, akamsifia fimbo, akamuuliza jina na namna linavyoandikwa. Shemeji akamtajia herufi moja moja, akidhani amepata rafiki.

Mgeni wa Mto
Pole kwa shemeji, dada, ila mimi siko Scotland. Fundi, chambo ni cha kawaida tu. Swali langu ni sehemu na muda.

Fundi Boya
Cha kawaida kipi? Mayai? Jigi, ile ndoano yenye kichwa kizito? Kijiko, kile kibati kinachong'aa?

Baba Tunu
Kuna jambo hapa. Mtu anayekwepa swali la chambo huyo.

Mgeni wa Mto
Haya, mmenibana. Chambo situmii. Kuna mzee pale ukingoni alinielekeza: ndoano kubwa ya matawi matatu, chubwi zito chini yake, unatupa kuvuka kundi, unaacha izame, kisha unakwanyua kwa nguvu zote. Ikimpata tumboni sawa, ikimpata mgongoni sawa. Na kabla hamjanirukia: samoni akishaingia mtoni hali tena, kila mtu anajua. Asiyekula atamezaje chambo? Tena akishataga atakufa tu, sasa nani ameumia? Pakiti nzima ya hizo ndoano nimeshanunua.

Mzee Kanuni
Kijana, huko siyo kuvua, ni kukwapua. Kumnasa samoni mwilini kwa makusudi kwenye mito ya Washington ni kosa, sijali nani alikufundisha. Kiumbe ametoka baharini, ana mayai tumboni, amebakiza kazi moja duniani, wewe unamchana ubavu. Anayekatika mshipi naye anaondoka na ndoano yako mwilini. Leseni yenyewe unayo?

Fundi Boya
Hilo la kutokula ni kweli, ila umelipeleka siko. Tumbo lake limesinyaa, hatafuti chakula, lakini hasira na mazoea ya baharini bado anayo. Kitu kikimpita puani kinachezacheza, anakibana kwa mdomo. Ndiyo maana wenzako wanatoa na wewe hutoi. Unadhani wote hao wanakwanyua?

Mpima Chai
Jamani, mnanyweshwa chai na mnaomba sukari. Kwenye mito ya Puget Sound, ghuba ya hapo Washington, pinki hupanda miaka ya witiri: 2019, 2021, 2023. Samaki huyu anaishi miaka miwili, anataga, anakufa, kwa hiyo ukoo wa witiri na ukoo wa shufwa hata hawakutani. Sasa hivi ni mwisho wa Oktoba 2024. Hata ingekuwa mwaka jana, saa hizi wangekuwa mizoga. "Mto umejaa pinki" umeuona wapi? Mleta uzi taja mto.

Binti Kilindini
Weee! Mimi nimemwaga mambo ya shemeji bure?

Mzee Kanuni
Mpima Chai, usifunge mlango wote. Mto Snohomish una ukoo mdogo wa pinki wa miaka ya shufwa.

Mpima Chai
Mdogo ndiyo "mto umejaa"? Tena mwisho wa Oktoba? Huyu hana hata ndoo.

Mgeni wa Mto
Mto sitaji, kesho mtajaa wote pale. Na jina la pinki niliambiwa na mzee yule yule. Mimi ninachojua ni nilichokiona: jana mmoja alipita miguuni pangu, mkubwa, ubavuni ana michirizi ya wima ya zambarau na kijani, imevurugika kama rangi iliyomwagikiwa maji. Mdomo umepinda, meno yametokeza nje. Hayo nayo nimetunga?

Fundi Boya
Mpima, tulia. Huyo ni chamu, samoni wa aina nyingine, dume, na huu ndio wakati wake. Mgeni, mzee wako hajui anachokwapua.
Chamu anabana vizuri sana. Funga boya, chini yake jigi ya kijani au zambarau yenye kipande kidogo cha nyama ya kamba wa baharini. Rekebisha kina mpaka jigi ielee kama nusu mita juu ya mawe, iache iende na mkondo bila mshipi kulivuta boya. Boya likizama, au hata likisita tu, inua fimbo. Kukwanyua hakuna.
Kuhusu wakwe: huyo mwenye michirizi usimpeleke mezani. Nguvu zake zimeishia kwenye safari na kutaga, nyama imepauka na kulegea. Vua sehemu za chini karibu na bahari, utafute aliye bado na rangi ya fedha. Ukimkuta na chawa wa baharini ubavuni, huyo ameingia mtoni juzi tu. Ukinasa koho, aina nyingine tena ya samoni, angalia kapezi kadogo ka nyama kati ya pezi la mgongo na mkia. Kama kapo, ni wa porini, na mito mingi utatakiwa kumwachia.

Mpima Chai
Chamu nakubali. Lakini swali la Mzee Kanuni limerukwa. Kuanzia miaka 15 unahitaji leseni, na samoni ukimbakiza unamwandika kwenye kadi hapo hapo ukingoni. Viko wapi?

Mgeni wa Mto
Nitafuatilia hayo. Fundi, nijibu hili: hizi za matawi matatu nikizikata matawi mawili nikabakiza moja, nizitie kwenye jigi? Hela imeshatoka.

Mzee Kanuni
Amekwepa tena.

Fundi Boya
Haifai. Jigi inakuja na ndoano yake, wewe minya kigumba, kale kancha kanakorudi nyuma, kwa koleo, maana mito mingi huko haitaki ndoano yenye kigumba. Leseni kata leo. Na Jumamosi asubuhi, kabla hujatoka nyumbani, soma kanuni za mto wako kwenye tovuti ya Idara ya Samaki na Wanyamapori. Huwa wanafunga mto kwa tangazo la dharura, na ukingoni hakuna atakayekupigia simu.