Niende Uingereza kuchunguza umbo la vimeng'enya, au nibaki Dodoma na vimelea vyangu?

BintiChamwino:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nimemaliza uzamivu, nafundisha chuo kimoja hapa Dodoma. Kwenye jokofu nina E. coli wa njia ya mkojo ambao antibiotiki ya seftriaksoni haiwatishi; wengi wamebeba jeni ya CTX-M-15, kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo. Nimepata nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu Uingereza, miaka miwili, kuchunguza kwa fuwele na eksirei umbo la NDM, kimeng'enya kingine kinachovunja antibiotiki. Mkuu wa idara kaniuliza, "Ukirudi na picha za atomi, mgonjwa wa Mvumi atapata nini?" Sikuwa na jibu. Mliopita njia hii, nishaurini.

Duka_Nkuhungu:
Mimi nauza dawa, mambo ya fuwele siyajui. Jana kaja kijana anataka vidonge vinne tu vya antibiotiki, vile vya rangi mbili, eti koo linawasha. Nikamnyima, kaenda duka la pili akapewa. Usugu unaanzia hapo dada. Picha baadaye.

Kizota255:
Si kuna AlphaFold siku hizi, programu ya kukisia umbo la protini? Iko bure, walioitengeneza wamepata hadi Nobel 2024. Baridi ya nini?

Mzee_wa_Fuwele:
Hongera, mdogo wangu. Wa Nkuhungu hajakosea, ila yeye anasema usugu unavyoenea. Kazi yako ni kujua dawa ikishamfikia bakteria inavunjwaje.

CTX-M huivunja pete ya beta-laktamu, ile sehemu ya antibiotiki hizi inayofanya kazi, kwa serini (asidi amino) iliyomo kwenye shimo lake. NDM haitumii serini. Ina atomi mbili za zinki zinazoshika maji, na maji hayo ndiyo yanayoikata pete. Kwa hiyo avibaktamu, dawa ya kuzuia vimeng'enya, humziba wa kwanza, wa pili haimgusi. Antibiotiki ya aztreonamu nayo NDM inashindwa kuivunja, lakini bakteria mwenye NDM mara nyingi amebeba pia ndugu wa CTX-M, na hao wanaivunja. Ndiyo sababu ya kuziunganisha aztreonamu na avibaktamu, na Ulaya wakaidhinisha mwaka 2024. Mpelekee mkuu wako jibu hilo.

Kizota, AlphaFold 2 inakupa protini tupu: zinki hamna, dawa hamna. Halafu CTX-M-15 imepishana na CTX-M-3 kwa asidi amino moja tu, ile ya 240, aspatiki imekuwa glaisini, na hapo seftazidimu, antibiotiki nyingine, ikaanza kukatwa kwa kasi zaidi. Programu itakuchorea mapacha. Kilichobadilika utakijua kwa kukinasa kimeng'enya kikiwa na dawa ndani yake, na kwa kupima kasi.

Nenda, ila usiende kama mkono wa kuazima. Mashine isikutie hofu: Diamond, kituo cha eksirei kali kule Oxfordshire, hupokea fuwele zilizogandishwa na wewe unakusanya data kwa intaneti ukiwa kwako. Hata naitrojeni ya kimiminika si ngeni nchini, watu wa uhimilishaji wa ng'ombe wanatembea nayo mitunguni. Kinachotushinda huku ni kusafisha protini: ubaridi wa nyuzi 4 usiokatika, safu za kuchujia, umeme usiozima usiku. Ujuzi huo ndio wa kuufuata, na vifaa hivyo ndivyo vya kuombea fedha mapema.

BintiChamwino:
Asante sana kaka. Naweza kuwaomba CTX-M-15 yangu iingie kwenye mradi, isiwe NDM peke yake?

Mzee_wa_Fuwele:
Omba kabla hujasaini. Ukishasaini ombi lako linageuka fadhila. Na bakteria usiwabebe. Ukiwa na mfuatano wa jeni, jeni yenyewe inatengenezwa hukohuko. Sampuli halisi zikilazimika kusafiri, makubaliano ya kuzihamisha yapite NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) kwanza, tena uyaanze sasa hivi maana hayatoki kwa wiki moja. Jina lako na la chuo chako yaandikwe humo.

Duka_Nkuhungu:
Hiyo aztreonamu mimi sijawahi kuishika. Bei yake ikoje?